Jeli ya Kuogea ya Benzoili Peroksaidi kwa Chunusi za Mgongoni: Tathmini kutoka Tanga

Dawa ninayoitathmini hapa ni jeli ya kuogea yenye benzoili peroksaidi ya asilimia 5, inayouzwa kwenye tyubu katika baadhi ya famasi za mjini Tanga. Nyumbani kwetu Ngamiani imetumiwa na watu wawili wenye migongo ya aina tofauti, yaani mimi mwenyewe, ambaye chunusi za mgongoni zilinirudia ukubwani, na mpwa wangu, mtoto wa kaka, aliye katika umri wa balehe na anayekwenda shule kwa baiskeli huku begi limemganda mgongoni. Hukumu yangu naitoa mapema kwa ajili ya msomaji mwenye haraka. Dawa hii inafanya kazi kwa chunusi za kweli, ilimradi mtumiaji aiache juu ya ngozi kwa dakika kadhaa kabla ya kujimwagia maji, na awe tayari kusubiri wiki nyingi bila kubadilisha dawa kila anaposikia ushauri mpya. Kwa vipele vya aina nyingine, ambavyo kwa joto letu la pwani ni vingi mno, kuinunua ni kupoteza fedha.

Mgongo si uso, na hapo ndipo dawa nyingi zinaposhindwa. Sehemu ya juu ya mgongo, kuanzia shingoni hadi chini kidogo ya mabega, ina tezi za mafuta nyingi na kubwa, na ngozi yake ni nene kuliko ya usoni. Mafuta ya tezi hizo yakichanganyika na seli za ngozi zilizokufa huziba kitundu cha kinyweleo, na ndani ya kitundu kilichozibwa, pasipo hewa, huongezeka bakteria aitwaye Cutibacterium acnes. Mwili unapopambana na hali hiyo ndipo kunapotokea uvimbe, maumivu na usaha, pamoja na wekundu ambao kwa ngozi nyeusi huonekana zaidi kama weusi ulioiva. Homoni za balehe, za mwezi na za ujauzito huzidisha mafuta hayo, na urithi nao una sehemu yake kubwa. Kwa hiyo maneno ya mtaani kwamba chunusi hutokana na damu chafu, au kwamba kijana akioa zitakwisha zenyewe, hayana msingi, na hayana faida yoyote kwa kijana anayeogopa kuvua shati mbele ya wenzake pale Raskazone wanapokwenda kuogelea.

Benzoili peroksaidi huachia oksijeni ndani ya kitundu cha kinyweleo, na bakteria huyo hawezi kustahimili penye oksijeni nyingi. Pia husaidia kulegeza uchafu ulioziba kitundu, ingawa kazi hiyo huifanya kwa kiasi tu. Sifa yake kubwa, ambayo mimi naiweka mbele ya nyingine zote, ni kwamba bakteria hawajengi usugu dhidi yake kama wanavyofanya kwa antibayotiki. Mtu anayepewa klindamaisini ya kupaka peke yake, au vidonge vya doksisaiklini kwa miezi bila kitu kingine cha kupaka, anaweza kupata nafuu mwanzoni kisha dawa ikakoma kumsaidia. Ndiyo maana madaktari wa ngozi hupenda antibayotiki iambatane na benzoili peroksaidi na itumike kwa muda wenye mwisho.

Namna ya kuitumia ndiyo iliyonifanya niandike kwa urefu, kwa sababu maelezo yaliyomo kwenye boksi ni ya Kiingereza, yameandikwa kwa herufi ndogo mno, na yanamfikiria mtu anayenawa uso chini ya bomba. Jeli hii ikipakwa mgongoni na kusuuzwa papo hapo haifanyi lolote la maana. Inatakiwa ibaki juu ya ngozi iliyoloana kwa dakika mbili hadi tano, kisha isuuzwe vizuri. Kuoga kwa ndoo na kopo, ambako wengine hukuona ni udhia, hapa kunafaa kuliko bomba la mvua, kwa kuwa hakuna maji yanayotiririka mgongoni wakati unasubiri. Unajilowesha, unapaka, unapiga mswaki au unasugua miguu bila haraka, halafu unajimwagia maji ya kutosha. Nywele zioshwe kwanza na mgongo uwe wa mwisho, maana mafuta na dawa za nywele zikishuka na kubaki katikati ya mabega huziba vitundu upya. Kwa wanaosuka na kupaka mafuta mazito kwenye mistari, kisha wakafunika kichwa kwa mtandio mchana kutwa, jambo hili si dogo, kwa kuwa mafuta yale yakipata joto huyeyuka na kuteremka shingoni.

Tatizo la kufikisha dawa mahali penyewe ni la kweli, hasa kwa anayeishi peke yake. Nyumbani tumelimaliza kwa mwiko wa mpini mrefu uliostaafu jikoni, ambao kichwa chake kimezungushiwa kipande cha fulana ya pamba na kufungwa kwa uzi. Jeli kidogo inawekwa juu ya kitambaa, mpini unapitishwa juu ya bega, na sehemu ile ambayo vidole havifiki inafikiwa bila kusugua. Kitambaa hufuliwa na kuanikwa kila baada ya kutumika. Nasisitiza bila kusugua kwa sababu dodoki, jiwe na brashi ngumu ni maadui wa mgongo wenye chunusi. Chunusi haitokani na uchafu wa juu ya ngozi, na kuikwangua huipasua ikiwa bado ndani, ikaacha kidonda kikubwa zaidi na baadaye doa.

Kasoro ambayo kila mnunuzi wa Tanga anapaswa kuijua kabla ya kutoa fedha ni kwamba dawa hii hufifisha rangi za nguo. Kaniki, khanga, dera, shuka ya rangi, taulo, hakuna kinachosalimika kikigusana na mgongo ambao haujasuuzwa sawasawa. Ipo khanga moja nyumbani kwetu ambayo pindo lake jeusi limetoka mabaka ya rangi ya chungwa, kila baka likiwa na kingo zilizofifia kama mahali palipomwagikiwa jiki, na hakuna ufuaji utakaoirudisha. Dawa ya jambo hili ni taulo jeupe la peke yake, na fulana nyeupe ya pamba ya kulalia. Boksi la dawa linataja suala hili kwa sentensi moja iliyojificha katikati ya maonyo mengine, jambo ambalo naliona kuwa ni upungufu mkubwa wa mtengenezaji.

Kasoro ya pili ni ukubwa wa tyubu. Imetengenezwa kwa kufikiria uso, na mgongo unaimaliza mapema kuliko mfuko unavyotarajia. Tulichofanya sisi ni kuipaka pale tu panapotoka chunusi badala ya mgongo mzima hadi kiunoni, na baada ya hali kutulia tukapunguza siku za kuitumia katika wiki bila kuiacha kabisa. Ukavu na kuwashwa kidogo mwanzoni ni kawaida, na anayeanza ni vyema ajaribu kwanza sehemu ndogo ya mkono kwa siku chache, kwa kuwa wapo watu ambao ngozi zao huikataa kwa mzio unaovimba na kuchubuka. Hao wanapaswa kuiacha moja kwa moja. Hakuna faida ya wazi ya kukimbilia asilimia 10. Kwa dawa za kupaka na kuacha usoni, ile ya asilimia 2.5 imeonekana kufanya kazi karibu sawa na ya 10 huku ikiwasha kidogo kuliko hiyo, na ingawa mgongo huvumilia dawa kali kuliko uso, asilimia 5 imetutosha.

Sasa nije kwenye huduma ya famasi niliponunulia, kwa sababu bila huduma hiyo tathmini hii ingekuwa na mwelekeo tofauti. Mfamasia, kabla ya kushika tyubu yoyote, aliniuliza swali moja: "Mama, vinauma au vinawasha?" Swali hilo lina uzito. Chunusi za kweli hutofautiana ukubwa na umri. Utakuta kichwa cheusi hapa, kipele chenye usaha pale, na uvimbe mgumu wa ndani unaouma ukiegemea kiti. Kuna vipele vingine vya mgongoni, kifuani na kwenye mabega ambavyo vyote vinalingana kama mtama uliomwagwa, vinawasha hasa baada ya kutoka jasho, na havina vichwa vyeusi. Hivyo mara nyingi ni maambukizi ya fangasi aitwaye Malassezia kwenye vinyweleo, fangasi ambaye huishi juu ya ngozi ya kila mtu, hula mafuta, na hufurahia joto na unyevu, vitu ambavyo Tanga haijawahi kupungukiwa. Benzoili peroksaidi haimtibu ipasavyo, na antibayotiki zinaweza hata kumpa nafasi ya kuongezeka kwa kuwaondoa bakteria anaogombania nao makazi.

Kwa mwenye vipele hivyo, mfamasia huyo humwelekeza kwenye shampuu ya ketokonazoli ya asilimia 2, ile ile inayotumika kwa mba wa kichwani, ipakwe mgongoni kama sabuni, iachwe dakika kadhaa na kusuuzwa. Mpwa wangu alikuwa na aina zote mbili kwa pamoja, jambo ambalo hutokea, na vile vilivyokuwa vikimkera usiku vilitulia kwa shampuu na si kwa jeli. Kuna pia vipele vya joto, vinavyotokana na vitundu vya jasho kuziba wakati wa kaskazi, hasa kwa wanaolalia godoro ambalo nailoni yake ya dukani haijavuliwa. Hivyo havihitaji dawa yoyote kati ya hizi, vinahitaji nailoni ivuliwe, shuka ya pamba itandikwe na dirisha lifunguliwe.

Nalinganisha huduma hiyo na ya duka jingine, ambalo sitalitaja, ambako muuzaji aliutazama mgongo wangu kupitia shingo ya gauni kwa sekunde chache akanipa krimu yenye dawa tatu ndani yake, ya fangasi, ya bakteria na ya steroidi. Krimu za namna hiyo hupendwa kwa sababu steroidi huzima mwasho na uvimbe haraka, mteja akarudi akisifu. Lakini steroidi ya kupaka ikitumiwa kwa muda hupunguza unene wa ngozi na yenyewe huleta chunusi, mara nyingi za aina moja zilizotapakaa kifuani na mgongoni. Hilo ndilo linalowapata pia watumiaji wa mkorogo. Wapo wanaojichanganyia krimu zenye steroidi kama klobetasoli au betamethasoni pamoja na haidrokwinoni ili kung'arisha ngozi ya mwili mzima, kisha wanakuja kutafuta dawa ya vipele huku chanzo chake kimo kwenye kopo la bafuni. Vipodozi vyenye zebaki, haidrokwinoni au steroidi vimepigwa marufuku nchini, na usimamizi wa vipodozi tangu mwaka 2019 uko chini ya Shirika la Viwango Tanzania, wakati dawa zinasimamiwa na TMDA, yaani Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Hata hivyo kopo la mkorogo halikosekani sokoni kwa anayelitafuta. Kwa mtumiaji wa mkorogo, jeli ninayoitathmini haitasaidia mpaka mkorogo uachwe, na kuuacha kwenyewe ni vizuri kufanyike kwa uangalizi wa mtaalamu, kwa kuwa ngozi iliyozoea steroidi hulipuka inapokatishwa ghafla.

Nimeulizwa na wenzangu kuhusu singo, na siwezi kulikwepa swali hilo katika mji ambao hakuna bibi harusi anayetoka ndani bila kusingwa. Mchanganyiko wa liwa, karafuu, manjano, maganda ya machungwa na mawaridi yaliyosagwa huacha ngozi laini na harufu ambayo hakuna tyubu ya famasi itakayoifikia, na kwa mgongo usio na chunusi sina neno baya la kusema. Kwa mgongo wenye chunusi zinazouma, singo ni msuguo, na msuguo huzidisha uvimbe; karafuu nayo ina yujenoli, kemikali inayojulikana kuleta mzio kwa baadhi ya watu. Bibi harusi mwenye chunusi mgongoni anayetaka kuvaa gauni lililo wazi nyuma aanze matibabu miezi mitatu kabla, na somo wake aambiwe mapema kwamba mgongo upakwe liwa kwa mkono na kusuuzwa, usisuguliwe.

Mafuta ya nazi yanastahili maneno yake mwenyewe, kwani hapa ndiyo mafuta ya kwanza ambayo mtoto hupakwa. Yana asidi ya loriki kwa wingi, ambayo maabara imeonyesha kuwa huua bakteria wa chunusi, na wauzaji wa mitandaoni hawachoki kulirudia hilo. Wasichokisema ni kwamba mafuta yenyewe ni mazito na yana tabia ya kuziba vitundu, na kwamba fangasi niliyemtaja hujilisha asidi za mafuta za aina hiyo. Yapakwe miguuni na viwikoni, na mgongo uachwe. Anayehisi ngozi ya mgongo imekauka kwa sababu ya jeli atumie losheni nyepesi isiyo na mafuta mengi.

Sabuni ya salfa, ambayo bei yake ni ndogo na inapatikana hadi Mgandini, nimeitumia pia. Inakausha, inanuka, inasaidia kidogo kwa chunusi chache, na kwa mgongo uliojaa haitoshi. Sabuni ya maji yenye asidi ya salisiliki ya asilimia 2 ni bora kuliko salfa kwa vichwa vyeusi, kwa kuwa asidi hiyo huyeyuka kwenye mafuta na kuingia ndani ya kitundu, lakini haiui bakteria kama benzoili peroksaidi.

Kwa vichwa vyeusi vingi na vile vipele vidogo vya rangi ya ngozi, jeli hii peke yake haikuniridhisha, na niliongeza jeli ya adapalini ya asilimia 0.1 wakati wa usiku. Hii ni ya jamii ya vitamini A. Huzuia vitundu visizibe tangu mwanzo, na nchini Marekani iliruhusiwa kuuzwa bila cheti cha daktari tangu mwaka 2016. Hupakwa nyembamba kwenye ngozi kavu, mwanzoni usiku mmoja mmoja kwa kuruka, kwa sababu inachoma. Mjamzito au anayetarajia kushika mimba asiitumie. Kwake daktari anaweza kumpa asidi ya azelaiki, ambayo inasaidia pia kufifisha madoa.

Kuhusu madoa ni lazima niseme wazi kuwa hakuna dawa kati ya hizi iliyoyaondoa haraka. Ngozi nyeusi ikiumia huacha weusi, na weusi huo hudumu miezi hata baada ya chunusi kukoma. Yeyote anayeuziwa krimu ya kuondoa madoa ndani ya wiki moja anauziwa mkorogo kwa jina jingine. Kinachosaidia ni kuzuia chunusi mpya, kutokamua za zamani, na kuukinga mgongo na jua unapokuwa wazi. Kukamua kuna hatari nyingine kwetu, kwamba mgongo, kifua na mabega ndiko keloidi hupenda kuota, na kovu la aina hiyo likishaota ni vigumu kulitibu kuliko chunusi iliyolizaa.

Matokeo yenyewe yalikuja taratibu. Wiki za mwanzo sikuona tofauti. Mabadiliko ya kweli kwa benzoili peroksaidi huanza kuonekana baina ya wiki ya sita na ya nane, na haki ni kuipa wiki 12 kabla ya kuikataa. Kwa mpwa wangu mambo yalikwenda vizuri zaidi alipoacha kukaa na jezi yenye jasho baada ya mpira, akaoga mara anaporudi, na begi akalihamishia kwenye keria ya nyuma ya baiskeli. Mkanda wa begi unaosugua ngozi yenye jasho kutoka nyumbani hadi shuleni huleta chunusi mahali pale pale unapopita, na dawa haiwezi kushindana na msuguo wa kila siku. Kuhusu chakula sitasema mengi. Sukari nyingi na vyakula vya unga mweupe vinahusishwa na chunusi kwa baadhi ya watu, maziwa nayo kwa kiasi, na vijana wa mazoezi ya vyuma wanaokunywa unga wa protini ya maziwa wafikirie kuuacha kwa muda waone.

Jeli hii si ya mwenye uvimbe mkubwa wa ndani unaoungana na kutoa usaha, wala ya mwenye makovu yanayoongezeka kila mwezi. Huyo asipoteze muda dukani, aende hospitali, kwa Tanga akianzia Bombo, aombe kuonwa na mtaalamu wa ngozi. Kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo hospitali ya KCMC, Moshi, kimekuwa kikifundisha wataalamu hao tangu miaka ya 1990. Vidonge vya isotretinoini, vinavyotumika kwa hali kali, huharibu mimba na huhitaji vipimo vya damu, hivyo si vya kununua kwa ushauri wa jirani.

La mwisho ni uhifadhi, na kwa joto letu si jambo la kupuuza. Benzoili peroksaidi ikikaa kwenye joto kali huvunjika na inaweza kutoa benzini, kemikali inayosababisha saratani. Mwezi Machi 2025 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilitangaza kuwa imepima bidhaa 95 zenye dawa hii. Zaidi ya asilimia 90 zilikutwa na benzini kidogo mno au isiyoonekana kabisa, na bidhaa chache ziliondolewa sokoni. Hofu haihitajiki, ila uangalifu unahitajika. Usinunue boksi lililopangwa kwenye kioo cha mbele kinachopigwa na jua la mchana. Omba la ndani, soma tarehe ya mwisho wa matumizi, na nyumbani liweke mahali penye kivuli na ubaridi, mbali na dirisha la bati la bafuni. Tyubu iliyopitisha muda wake wa matumizi itupwe hata kama imebaki nusu.